Ufunguo wa Mlango wa Baba

Mtaa wa Juu,
Roccaspina, Potenza.
23 Agosti 1984

Mpendwa mdogo wangu Canio,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku mlimani. U hali gani, na mkeo Lidia hajambo? Mgongo bado unakusumbua, au baridi ya Melbourne imekuhurumia mwaka huu? Binti yenu Gerarda anatuambia huko mnalala na mablanketi matatu. Sisi tunalala madirisha wazi na bado shuka linagandana na mwili. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi za kanisani. Mume wangu Saverio naye yupo, anavuta sigara na kukohoa, anakohoa na kuvuta sigara.

Sasa kaa chini. Ukishakaa, soma: Baba yu hai. Nimeliandika hilo mwanzoni kwa makusudi, macho yako yasije yakaruka mistari yakilitafuta. Yuko hospitalini Potenza, nyonga imevunjika na kifua kimeshika baridi. Mwanao Gerarda ni mzima, hana hata mkwaruzo. Mengine nitakueleza kwa mpangilio, nikiweza, maana tangu Jumamosi naweka chumvi kwenye kahawa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga. Nilipiga Jumapili, nikapiga tena Jumatatu, nimesimama kwenye baa ya Pasquale na wacheza karata wote wamenyamaza wasipitwe na neno. Mara zote mbili ulipokea mwenyewe, na mara zote mbili nilipotamka "Baba" ukasema laini mbaya, husikii, ukakata. Laini ya Australia ina tabia ya ajabu. Tukizungumzia mvua inasikika kama uko chumba cha pili, akitajwa mzee inaharibika papo hapo.

Telegramu nimeiogopa. Kwetu telegramu ina maana moja tu, na ile ya Mama ilikupandisha ndege ukiwa na viatu vya kazini. Ndiyo maana barua hii anakuletea mkononi Rocco wa Teodora, jirani wa Baba. Likizo yake imekwisha, kesho anashuka Roma kupanda ndege ya kurudi huko kwenu. Anayajua yote, na nimemwapisha mbele ya mama yake asifungue mdomo mpaka umalize kusoma. Mpe kahawa, akae asubiri. Itamtesa, lakini asubiri.

Nianze na mema, kwa sababu yalikuwepo. Mwanao alifika mwanzoni mwa mwezi, na Agosti ya hapa unaijua. Mji uliolala mwaka mzima unafurika ghafla, wanarudi wa Torino, wa Ujerumani, wa Uswisi, magari yamebanana mpaka nje ya lango. Alikuja likizo, tukampa likizo ya kwetu: siku ya pili tu tulimfunga aproni, akakaa uani nasi kukamua nyanya na kuzitia kwenye chupa. Alipiga picha kila kitu, ngazi, paka, matao, hata suruali za Saverio kwenye kamba. Hizo nimemwomba asimwonyeshe mtu.

Anaongea lugha yetu ya mlimani kama ulivyomfundisha wewe, yaani kwa maneno ambayo huku tuliyazika pamoja na bibi yetu. Siku ya kwanza alimwomba muuza mboga bilinganya kwa jina ambalo mwanamke yule hakuwa amelisikia tangu utoto wake. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamjazia kikapu na kukataa kulipwa. Tangu siku hiyo kila mzee wa uwanjani anamwita aketi aseme chochote, wamsikilize tu.

Na Baba, Canio, laiti ungemwona. Alimshika mkono akampitisha mtaa mzima akisema, "Huyu ni Gerarda," basi, haongezi neno. Jina la Mama lilitosha. Alimpa chumba cha Mama, ambacho mimi mwenyewe siruhusiwi kufagia bila kusimamiwa. Alimpeleka kwenye mizabibu akamwonyesha mashina uliyopanda wewe. Alimkaangia pilipili zile kavu kwa mkono wake, akaziunguza, wakazila hivyo hivyo.

Jina lako hakulitaja. Alikuwa akiuliza mambo pembeni pembeni. "Yule bado anaimba akinyoa ndevu?" "Yule Jumapili anakula nini huko?" Gerarda alipojibu kwamba unaimba, tena kwa sauti mbaya, mzee alitoka nje kwenda kuangalia hali ya hewa. Mbingu ilikuwa haina hata wingu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mwanao umemfundisha nyimbo, maneno ya marehemu, hata namna ya kukata mkate ukiuegemeza kifuani. Habari ya ufunguo hukumfundisha. Sikulaumu, nani angefikiri kumfundisha mtoto jambo kama hilo? Mimi mwenyewe ilinibidi nikae nitafute maneno nilipomweleza, na kwa kweli nilikuwa nimechelewa.

Nilimweleza hivi: kwetu ufunguo ukiwa mlangoni kwa nje, mwenye nyumba yumo, sukuma uingie. Usipokuwepo, amekwenda shambani, usijisumbue kugonga. Usiku tu ndipo unapolala ndani. Na tangu lile tetemeko la ardhi tumezidi kuishika desturi hiyo, kwa kuwa kila mtu anataka ijulikane kama yumo, nyumba ikimwangukia afukuliwe. Hakuna aliyewahi kuyasema haya kwa sauti. Mlango ndio unaoyasema.

Gerarda aliuona ufunguo ule mkubwa wa chuma ukining'inia nje, mji umejaa sura asizozijua, akawa hana raha. Kuvunjwa kwa nyumba yenu majira ya Pasaka bado hakujamtoka moyoni.

"Babu, mwizi ataingia," alimwambia.

"Aingie," Baba akamjibu. "Atakuta dengu."

Tukacheka. Yeye hakucheka sana, na mimi sikuliona hilo.

Jumamosi, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Rocco, vijana walikwenda baharini Metaponto kwa gari alilokodi Rocco. Waliondoka alfajiri. Baba alikuwa ameamka mapema, ameweka ufunguo nje kama kawaida yake, kisha usingizi ukamrudia kwa sababu ngoma za uwanjani zilimkesheza. Gerarda alipotoka alimchungulia, akamwona amelala mdomo wazi kama mtoto, akamwonea huruma kumwacha peke yake na mlango wa namna ile. Akauchomoa ufunguo, akautundika kwenye msumari ndani, akavuta mlango nyuma yake. Alidhani anamlinda. Mlango ule unaujua, ukishavutwa haufunguki kwa nje bila ufunguo wake.

Baba aliamka akateleza kwenye kile kipandio cha jiwe kinachoshuka jikoni, kile kile ulichopasulia kidevu. Akaanguka, akashindwa kuinuka. Aliita mpaka sauti ikakauka, lakini kuta za nyumba ile ni nene na nje kulikuwa na watu wanabomoa jukwaa la sikukuu kwa nyundo.

Teodora alipita. Aliona hakuna ufunguo, akamwambia jirani habari za Baba, "Donato kaenda shambani na jua hili, mzee hasikii la mtu." Baba alimsikia. Alisikia kila aliyepita, Canio, alizitambua sauti zao moja moja, na hakuna aliyesimama.

Adhuhuri nilipanda mimi na bakuli la tambi na dengu. Nikaangalia mlango, ufunguo haupo. Nilimtukana, Mungu anisamehe, nilimwita punda mzee pale pale kizingitini, nikashuka na bakuli langu na Saverio akala sehemu mbili. Kumbe baba yangu yuko upande wa pili wa ubao, naye amenisikia nikimwita punda. Kwa hiyo ukitafuta wa kumkasirikia, foleni inaanzia kwangu.

Walirudi jioni. Gerarda alikuwa amebabuka kwa jua, mchanga nyweleni, mkononi kombe la baharini alilomwokotea babu yake. Teodora alikuwa amekaa mlangoni kwake anamenya maharage.

"Mama Teodora, Babu ameshakula?"

"Babu yako hajarudi shambani, mwanangu. Yuko huko tangu asubuhi."

"Shambani? Mbona nimemwacha kitandani?"

"We mtoto, angalia mwenyewe. Ufunguo haupo."

"Ufunguo nimeutoa mimi."

Teodora anasema bakuli la maharage lilimtoka mapajani na hakuna aliyeinama kuokota. Rocco aliupiga mlango bega mara kadhaa mpaka bawaba zikang'oka. Mimi waliponiita nilizipanda zile ngazi zote bila kuyasikia magoti.

Tulimkuta sakafuni, midomo imepasuka kwa kiu, macho wazi. Alitutazama wote, kisha akamtafuta Gerarda nyuma yetu. Sauti ilikuwa kama ya karatasi. "Bahari ilikuwaje?" akamwuliza. Mwanao alipiga kelele ambayo sitaisahau, akakaa chini karibu naye na kombe lake mkononi, ikabidi Rocco ambembeleze aachie mkono wa mzee ili wambebe.

Tangu siku hiyo Gerarda hali chakula vizuri. Anashinda kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, jioni narudi naye kwa basi, anatazama nje. Huku mtaani hakuna anayemlaumu usoni, lakini watu wetu unawajua. Juzi kwenye duka la mkate wanawake walinyamaza alipoingia. Nikawauliza ni nani kati yao ambaye hakupita mbele ya ule mlango Jumamosi, anyooshe mkono. Ghafla kila mmoja akakumbuka ana chungu jikoni.

Alinisihi nisikwambie. Alisema, "Shangazi, Baba alinituma nije niwapatanishe, na mimi nimemuua Babu." Nilimwambia Babu hajafa, tena ana nguvu za kugombana na wauguzi kuhusu supu. Lakini ndipo nilipojua kwamba ulimtuma kwa hilo. Mjanja wewe! Miaka mitano unanikatia simu, kumbe unatuma mjumbe amebeba kamera.

Nikuambie alivyosema daktari. Ni kijana mpole, anazungumza polepole, na upole wake ndio unaonitisha zaidi. Anasema bila kupasuliwa nyonga, Baba hatasimama tena, na mzee asiyesimama mapafu humjaa. Akipasuliwa, kwa umri ule moyo unaweza kukataa. Wanangoja kifua kitulie kwanza, labda wiki ijayo, labda ile nyingine. Mimi silali. Nikisikia viatu vinapanda ngazi za nje, nakaa kitandani nikihesabu hatua mpaka vipite. Naogopa, Canio. Naogopa kupasuliwa na naogopa kutopasuliwa, na sina ndugu mwingine wa kuogopa naye.

Jumanne Baba aliniita nisogeze kiti. Alikuwa hana homa, usije ukasema alikuwa anaweweseka. Akasema, "Natina, pale chini nilisikia watu wanapita. Hata mmoja hakusukuma mlango. Nikasema, basi, wote wamenifungia. Halafu nikasema, kumbe ndivyo alivyosikia yule siku ile."

Unajua anasema nini. Sijawahi kukuandikia habari hii na sikupenda kuianza, lakini yeye ndiye aliyeianza. Siku tuliyomzika Mama ndege yako ilichelewa, ukafika kaburi limeshafunikwa, naye akakutupia maneno mbele ya watu wote. Ulipopanda nyumbani kuzungumza naye, mchana kweupe, ukakuta mlango hauna ufunguo na moshi unatoka kwenye dohani. Kuchomoa ufunguo na huku umo ndani, tena kwa mtoto wako, mtaani kwetu hakuna tusi linalolizidi hilo. Ulisimama pale kizingitini muda mrefu. Mimi ndiye niliyekupitishia dirishani, kutoka ndani, sanduku uliloliacha ulipokimbilia makaburini, na nilikuona usoni.

Basi hicho ndicho alichokifikiria siku nzima juu ya sakafu ya jiwe, na aliponiambia alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa Mama. Nilimpangusa kwa kitambaa changu, akanikaripia kwamba kitambaa kinanuka vitunguu.

Jana daktari alikuja kumwomba kibali cha kumpasua, kifua kikiruhusu. Baba akamwambia, "Subirini. Mwanangu yuko njiani."

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Gerarda. Gerarda akatazama sakafu. Hakuna kati yetu aliyemwambia neno kama hilo, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumsahihisha.

Kisha Baba akamgeukia mwanao.

"Mlango umetengenezwa?"

"Fundi Vincenzo anafunga bawaba kesho, Babu."

"Akimaliza, weka ufunguo."

"Kwenye msumari?"

"Nje."

"Lakini nyumba haina mtu, Babu. Shangazi amenieleza. Ufunguo ukiwa nje, maana yake mtu yumo."

"Akifika kabla sijarudi," Baba akasema, "asikute mlango mtupu tena."

Gerarda alimbusu mkono. Njiani kwenye basi ndipo alipokula, mkate mzima na jibini, huku analia, na abiria wote wanatutazama.

Leo asubuhi Vincenzo ameusimamisha mlango. Ni ule ule wa mbao ngumu za kale, ila sasa una kiraka cha ubao mpya ambacho kitachukua miaka kufanana na mwingine. Mwanao aliuchukua ufunguo kutoka kwenye msumari, akautia kwa nje kwa mikono miwili. Watu walikuwa wamesimama kwenye milango yao. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba isiyo na mtu ina ufunguo mlangoni, na hapa kwetu, ambako mtu huulizwa hata kwa nini amenunua chumvi, ukimya huo ni heshima kubwa. Teodora amehamisha kiti chake akakiweka mkabala. Anasema mwizi akija atampa dengu yeye mwenyewe.

Canio, sikuamrishi. Zamani ningekuamrisha, nilikuwa nakushinda kimo. Najua kazi ni kazi, najua safari ni ndefu, na najua ulichofanyiwa si kidogo. Ila mzee amewaambia wasubiri, na wao hawawezi kusubiri sana, na mimi kila siku nitaingia chumbani mle akitazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani. Sijui nitamwambia nini siku mbili tatu zikipita. Tafadhali usinifanye nimdanganye.

Ukishindwa kuja, basi piga simu kwa Pasquale, na safari hii laini iwe nzuri. Na kwa Gerarda usiwe mkali. Ulimtuma aufungue mlango na ameufungua, ijapokuwa Rocco alilazimika kuuvunja kwanza.

Msalimie sana Lidia, mwambie chupa za nyanya zake nimeziweka kando. Mkumbatie Nunzio wako mdogo, na mpe heshima zangu mama mkwe wako. Saverio anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Teodora anakusalimu na anasema Rocco asirudishwe bila kulishwa. Mungu akutunze kazini na angani, na Bikira Maria wa Mlimani akufikishe popote utakapoamua kwenda.

Ukija, basi la jioni bado linasimama kwenye chemchemi. Panda moja kwa moja, usipitie kwangu kwanza. Ufunguo uko mlangoni, kwa nje. Usipige hodi, mdogo wangu. Sukuma uingie.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata unaponikatia simu,

Natina